Ndoo ya Mtu wa Mwisho

Nimewamwagia watu saba maji ya ziwa, na wote saba walinikumbatia wakiwa wamelowa chapachapa wakaniambia, "Kageha, yako inakuja." Wa kwanza alikuwa Wechuli, akiwa na saa kumi na mbili tu za kuruka. Wa saba alikuwa Mercyline, ambaye siku yake ya kwanza angani alitapika ndani ya kofia yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimefikisha saa thelathini na moja, na nywele zangu zilikuwa bado kavu.

Huo ndio uliokuwa utaratibu wa chuo chetu kidogo cha urubani, pale kando ya uwanja wa ndege wa Kisumu. Siku mwanafunzi anaporuka peke yake kwa mara ya kwanza, bila mkufunzi kando yake, akishuka tu anamwagiwa ndoo nzima ya maji yaliyotekwa ziwani. Na anayemmwagia si mwalimu wala rafiki. Ni yule anayetarajiwa kumfuata, ambaye bado hajaruka, na mara zote saba nilitarajiwa mimi. Walisema ni ili anayebaki nyuma asikate tamaa, aishike baraka kwa mikono yake mwenyewe. Sawa. Lakini aliyeutunga utaratibu huo hakufikiria jambo moja: mtu wa mwisho atamwagiwa na nani?

Mtu wa mwisho nilikuwa mimi.

Jumamosi ile niliyotaka kuisahau, aibu nilijitafutia kwa mikono yangu. Alhamisi, Kapteni Walubengo, mkufunzi wangu, alikuwa ameniambia akitafuna njugu zake, "Jumamosi saa moja asubuhi, tukijaliwa, nitashuka nikuachie ndege." Ijumaa nikampigia Mama simu nyumbani Migosi. Ningenyamaza! Lakini furaha ina mdomo mpana.

"Utaruka peke yako?" Mama aliuliza. "Saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Yaye! Asubuhi akina mama wana maombi. Huwezi kusogeza mpaka saa tisa?"

"Akina mama gani tena, Mama?"

"Wa kanisa. Unadhani nitakuja peke yangu kuona jambo kama hilo?"

Nikasogeza. Mimi, mtoto niliyezaliwa na kukulia Kisumu, ninayejua kuwa asubuhi ziwa hulala na mchana likaamka na upepo wake, nilimbembeleza Kapteni Walubengo abadilishe saa kwa sababu Mama alitaka kuja na wenzake. Kapteni aliniangalia kwa muda mrefu. "Wewe ndiye rubani," alisema. Nilidhani amekubali. Kumbe alikuwa ananipima.

Wakaja akina mama ishirini na wawili wa kanisa la Friends, vitambaa vyeupe kichwani, na sufuria za kuku wa kienyeji, na chapati zilizofungwa kwa taulo. Mama alitandika meza kwa kile kitambaa chake cheupe chenye maua ya kushonwa, ambacho hutoka kabatini kwa mahari na kwa wachungaji tu. Waliimba tulipopanda. Waliimba tulipokuwa tunazunguka juu ya ziwa. Halafu tukaja kutua na upepo wa saa tisa ukatushika ubavuni, kindege chetu cha viti viwili kikadunda mara moja, mara mbili, mara tatu, na Kapteni Walubengo akashika usukani wake.

"Leo sishuki," alisema. Alisema polepole, na hiyo iliniuma kuliko kama angefoka.

Tulipofika kwenye maegesho nilimsikia bibi mmoja akiuliza, "Mbona wako wawili? Si tuliambiwa yuko peke yake?"

"Labda huyo ni abiria," Mama akajibu.

Ningecheka kama si mimi niliyekuwa ninalia.

Tulikula kuku. Watu wa kanisa ni watu wazuri, hakuna aliyenilaumu, wote walisema Mungu ana wakati wake, na kila aliyesema hivyo aliniongezea kipande cha nyama, mpaka sahani yangu ikawa kama ya bwana harusi. Mama hakula. Alimfuata Kapteni Walubengo mpaka mlangoni mwa hanga, lile banda la ndege, na mimi nikawafuata.

"Mwalimu, niambie ukweli," Mama alisema. "Huyu mtoto ataweza?"

"Mama, kichwa anacho. Darasani ndiye wa kwanza. Angani anaendesha vizuri. Shida ni kutua. Sekunde tano za mwisho anaharibu, na mimi sijajua kwa nini." Akafuta chumvi ya njugu mikononi. "Nimempa Jumatatu saa moja asubuhi. Hiyo ndiyo ya mwisho na mimi. Ikikataa, nitaandika kwamba hafai kuendelea."

Mama alinigeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi mimi na wewe tuelewane. Chuoni Maseno bado wamekushikia nafasi yako ya ualimu. Jumatatu ukishindwa, Jumanne tunaenda kuchukua fomu. Sijawahi kusikia mwalimu amedunda na ubao."

"Sawa, Mama."

"Sema vizuri."

"Nimesema sawa."

Hapo ndipo Opiyo alipotokea. Ningependa kusema alitokea kama wanaume wanavyotokea katika hadithi, lakini alikuwa amebeba sufuria tatu zilizopandana, na termosi ya chai kwapani, akiwasaidia akina mama kupakia gari la kanisa. Alikuwa bado na buti zake nzito na suruali ya kazi yenye mistari inayong'aa. Opiyo ni mzimamoto wa uwanja wa ndege. Tulifahamiana miezi minane kabla, siku niliyodunda kwa mara ya kwanza, alipokuja na mandazi mawili kwenye gazeti akaniambia, "Dada, nimeona ndege zikidunda vibaya zaidi, na waliokuwa wanaendesha sasa wana vitambi." Tangu siku hiyo moyo wangu haujarudi kwa mwenyewe.

Mama alikuwa anajua habari zake. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. Kwake alikuwa "yule wa zimamoto", na wakati mwingine "yule" tu. Nilidhani ni mambo ya yeye Mluo na sisi Wamaragoli, yale ya kila siku. Siyo. Miezi miwili nyuma, nikiwa namchambulia mboga jikoni, Mama alinipa sababu yake: "Kila ukiruka, yeye anakaa kwenye gari jekundu anangoja uanguke. Kazi yake ni hiyo. Sasa huyo ni mchumba au ni mchimba kaburi?"

Nilicheka siku hiyo. Lakini neno lilikuwa limeshaingia.

"Shikamoo, Mama," Opiyo alisema, akiweka sufuria chini.

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa zimamoto."

"Ndiyo mimi, Mama. Opiyo."

"Leo pia ulikuwa kwenye gari lako?"

"Nilikuwa, Mama."

"Ukingoja."

Nilimvuta Mama mkono. Alinitoa kama unavyomtoa nzi. Opiyo hakukasirika. Alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili.

"Ni kweli, kazi yangu ni kungoja," alisema. "Niko pale mwaka wa sita. Kila asubuhi nikiingia zamu naomba dua moja tu, kwamba leo gari hili lisitoke. Na akiwa Kageha ndiye yuko juu, Mama, naomba mara mbili."

"Na likitoka?"

"Likitoka, mimi nitakuwa wa kwanza kumfikia. Kabla ya daktari. Kabla ya mtu yeyote."

Mama alimwangalia. Nikajiandaa kusikia maneno makali. Badala yake sauti yake ilitoka ndogo.

"Hilo ndilo linaloniuma, kijana. Baba yake alipofariki mimi nilikuwa sokoni Kibuye. Nilifika wa mwisho. Na huyu naye, siku yoyote, atakayefika ni wewe, si mimi."

Hakungoja jibu. Alikunja kitambaa chake cha meza, akakikumbatia, akapanda gari la kanisa. Gari likaondoka na nyimbo, ila sasa walikuwa wanaimba zile za polepole.

Ilikuwa yapata saa kumi na moja. Wenzangu walikuwa wameondoka. Kando ya hanga ilibaki ndoo ya bluu, imejaa maji mpaka juu, yale niliyoyateka mwenyewe asubuhi ile kwa kimbelembele. Jani moja la gugu maji lilikuwa linaelea ndani. Niliiinua ili nikaimwage.

"Usimwage," Opiyo alisema.

"Niache."

"Kageha, iweke chini."

"Ya nini? Umesikia Kapteni? Na hata nikifaulu, nani atanimwagia? Hakuna mtu nyuma yangu. Mimi ndiye mkia."

Aliichukua ile ndoo mikononi mwangu, akaipeleka kivulini, akaifunika kwa kipande cha bati na kuweka jiwe juu. Alifanya hivyo kwa utulivu, kama mtu anayefunika chakula cha mgeni aliyechelewa. Halafu akakaa chini kando yake na kupiga ardhi kwa kiganja. "Kaa."

Nilikaa. Nilikuwa na hasira naye na sikujua kwa nini, na bega langu lilikuwa limeshaegemea lake kabla sijaliruhusu.

"Nataka kukuambia kitu," alisema. "Nimeogopa kukuambia kwa sababu mimi si rubani. Mimi ni mtu wa mpira wa kuzimia moto."

"Sema."

"Nimewaona nyote mkitua. Wenzako wakikaribia chini, macho yao yako mbele, mwisho kabisa wa njia. Wewe pia. Unakuja vizuri, unakuja vizuri, natabasamu. Halafu ukifika usawa wa gari letu, kichwa kinageuka kushoto. Kidogo tu. Na mkono unafuata kichwa. Ndipo ndege inadunda."

"Sigeuzi kichwa."

"Unageuza. Hata leo umegeuza." Akachezea kamba za buti lake. "Nilikuwa nafurahi, unajua? Nilijiambia, mtoto wa watu ananitafuta. Hata kwenye shida ya kutua ananitafuta. Nikawa mjinga, sikusema. Miezi miwili nimenyamaza kwa sababu nilipenda kuangaliwa."

Ningeweza kumwachia uongo huo mtamu. Macho yake yalikuwa yanauomba. Lakini mtu aliyekufunikia ndoo yako anastahili ukweli.

"Opiyo, si wewe ninayemtafuta."

"Eh?"

"Naangalia gari. Naangalia kama mmefungua milango. Kama mmeshawasha injini. Tangu Mama aliposema lile neno lake, nikikaribia chini nasikia kama ninyi mnajua kitu ambacho mimi sijui."

Korongo wawili wa jalalani, wale wenye vipara, walipita juu yetu wakielekea mjini. Opiyo aliwafuata kwa macho, na moyo wangu ukaniuma, maana ni yeye yule mwenye mandazi, na mimi nilikuwa nimemwambia kwamba uso wake kwangu ulikuwa uso wa ajali.

"Umekasirika?" niliuliza.

"Hapana."

"Umekasirika, Opiyo."

"Kidogo. Wuololo! Mimi nanyoa ndevu kila Jumanne na Alhamisi kwa sababu ndizo siku unazoruka, kumbe msichana anaangalia milango ya gari!"

Nilicheka mpaka nikashika tumbo, naye akaanza kucheka, na kile kitu kigumu kilichokuwa kimekaa kifuani mwangu tangu saa tisa kikalegea. Alinishika mkono. Vidole vyake vina sugu za kushika kamba na chuma, lakini hushika polepole, kama anayeokota yai.

"Jumatatu niko mapumziko," alisema. "Sitakuwa kwenye gari. Watakuwepo wenzangu, na wao hawakuhusu. Mimi nitakuwa mwisho kabisa wa njia, nje ya ua, upande wa barabara. Ukitua, usitafute kushoto. Mimi niko mbele. Niangalie mbele."

"Ni mbali sana. Sitakuona."

"Si lazima unione, jaber. Inatosha ujue nipo."

Jaber maana yake mrembo. Nilikuwa na mafuta ya kuku kidevuni na macho yamevimba. Nilimwamini hata hivyo.

Jumapili sikumwona Opiyo. Simu yake ililia bila kupokelewa mchana kutwa, na jioni akaniandikia maneno matatu tu: "Lala mapema, Kapteni." Nilinuna kidogo. Mtu unampenda, una siku moja ya kuwa na wasiwasi, naye anapotea. Nilipiga pasi shati langu mara mbili, nikalala.

Jumatatu saa moja kasoro robo ziwa lilikuwa limelala kabisa. Mfuko wa upepo ulining'inia kwenye mlingoti wake bila kutikisika. Nilikagua ndege, mafuta, matairi, mabawa, nikigusa kila kitu kwa mkono kama nilivyofundishwa. Kapteni Walubengo alikuja na njugu zake.

"Leo saa yako mwenyewe," alisema.

"Samahani kwa Jumamosi, Kapteni. Nilichagua saa ya kumfurahisha Mama."

"Najua. Nilitaka uone mwenyewe. Upepo haujui mama ya mtu." Akafunga mkanda wake. "Twende."

Tulizunguka mara ya kwanza. Tulipita juu ya ziwa, mabaka ya gugu maji yakiwa kijani chini yetu, na mbele njia ya lami ikinyooka. Nilishuka. Gari jekundu lilikuwa pale kushoto, nililijua bila kuliangalia, shingo yangu ikawasha kama imeumwa na mbu. Nikajiambia: hayupo humo. Yuko mbele. Nikaangalia mbele.

Na kule mwisho kabisa, ng'ambo ya ua, niliona kitu cheupe.

Kilikuwa kidogo, kama karatasi iliyonasa kwenye waya. Lakini kilikuwa kipana na kimenyooka, hakikupepea ovyo. Nilikishika kwa macho. Nikavuta usukani taratibu, nikangoja, nikangoja zaidi, na magurudumu yakagusa lami kwa sauti ndogo kama ya mtu anayefuta meza.

Kapteni Walubengo aliacha kutafuna. "Rudia."

Nikarudia. Kitu cheupe kilikuwa bado pale. Magurudumu yakagusa hivyo hivyo.

Tuliporudi kwenye maegesho alivua hedifoni zake, akafungua mlango wake injini ikiwa inanguruma, akashuka na kuufunga mkanda juu ya kiti chake kitupu. "Nina njaa," alipaza sauti. "Naenda kunywa chai. Zunguka mara moja, urudi."

Sijui niseme nini kuhusu zile dakika saba. Kindege bila uzito wake kiliruka mapema, kikapanda kwa haraka, nami nikajikuta naongea peke yangu kwa Kimaragoli, lugha ambayo Mama hulalamika kwamba nimeisahau. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Chini yangu kulikuwa na Kisumu nzima, mabati yakianza kuwaka jua, na mahali fulani katikati yake kulikuwa na Migosi na jiko letu. Sikuogopa. Nilishangaa kwamba sikuogopa. Nilifurahi kwa namna ambayo sijawahi kufurahi, nikaimba mstari mmoja wa zile nyimbo za akina mama, sauti yangu mbaya ikinirudia masikioni.

Halafu nikageuka kuja kutua. Maji, magugu, mawe ya ufukweni, lami. Gari jekundu kushoto. Lilikaa pale na mimi nikalipita kama unavyompita jirani. Mbele, cheupe kilikuwa kinatikiswa sasa, juu na chini, kama kimepoteza adabu. Nikangoja. Nikagusa.

Kindege hakikudunda.

Mtu wa mnara aliniambia hongera kwenye redio na nikamjibu asante kwa sauti ya mtoto wa chekechea. Nilizima injini kwenye maegesho, nikashuka. Mercyline, Wechuli na wenzangu wengine walikuwa wamesimama mstari, wakipiga makofi, na katikati yao ile ndoo ya bluu imefunuliwa, jani la gugu maji likiwa bado ndani. Hakuna aliyeigusa. Waliitazama, wakanitazama, na nikaona kwamba wao pia walikuwa wamejiuliza swali langu.

"Kapteni, si ummwagie wewe?" Wechuli aliuliza.

"Mimi niliruka mwaka ambao hamjazaliwa," Kapteni Walubengo alisema. "Utaratibu ni utaratibu. Atamwagiwa na ambaye hajaruka."

Hapo tukasikia pikipiki langoni. Opiyo ndiye aliyekuwa anaendesha, shati jeupe la Jumapili, ndevu zimenyolewa. Na nyuma yake, amekaa upande, mkono mmoja umemkaba Opiyo kiunoni kama mtu anayezama, alikuwa Mama. Mama yangu, aliyeapa mbele ya kanisa zima kwamba hatapanda pikipiki mpaka kiama. Kifuani alikuwa amekumbatia kitambaa chake cha meza.

Nilikitazama kile kitambaa na maua yake ya kushonwa. Kilikuwa na vumbi la barabara upande mmoja, na kwenye pembe mbili alama za mikono, za mtu mmoja huku na mtu mwingine kule.

"Ulikuwa wewe?" nilimwuliza.

"Tulikuwa sisi," Mama alisema, akishuka na kunyoosha leso yake. "Huyu kijana alikuja nyumbani jana baada ya ibada. Alikaa mpaka saa kumi na mbili jioni. Sikumpa hata chai mpaka saa tisa. Nikamwambia, unataka nini? Akasema, Mama, nataka kesho wewe ndiye uwe wa kwanza kumfikia. Nitakupeleka mahali atakapokuwa anaangalia." Akakung'uta vumbi kwenye kitambaa. "Amewaeleza walinzi wote wa barabara ile mimi ni nani. Tumeshika kitambaa saa nzima. Mikono inaniuma kama nimelima."

"Nilimwambia apumzike," Opiyo alisema. "Amekataa."

"Ningepumzikaje na mtoto yuko juu?"

Nilimkumbatia Mama, na tulilia sisi wawili bila haya, naye akanipapasa kichwa, uso, mabega, akihakikisha kwamba hakuna kilichovunjika. Kisha akaiona ndoo.

"Hii ndiyo ile?"

"Ndiyo, Mama. Lakini anayemwaga lazima awe mtu ambaye hajaruka bado."

"Na mimi nimeruka lini?"

Watu walicheka. Kapteni Walubengo aliinua mikono juu, akakubali kushindwa. Mama alikunja mikono ya blauzi yake, akainama, akaiinua ile ndoo kama anavyoinua mizigo ya Kibuye kila siku ya maisha yake, akasema maneno ya Kimaragoli ambayo bibi yake alikuwa akimwambia, ya kumwombea mtu njia iwe nyeupe mbele yake. Halafu akanimwagia. Maji ya ziwa yalikuwa ya baridi na yalinuka samaki na majani, yakaingia masikioni, yakaingia kwenye shati nililolipiga pasi mara mbili, na sijawahi kuoga maji matamu kama hayo.

Nilipofungua macho niliona kwamba hakuyamaliza. Ndoo ilikuwa bado nusu. Mama alikuwa ameishika na anatazama nyuma yangu, ambako Opiyo alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea pikipiki yake, taratibu, na shati lake jeupe la Jumapili.

"Na wewe, Opiyo," Mama alisema, "unakimbilia wapi? Njoo hapa mwanangu, maji yako haya."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina lake.